Fremu ya dashibodi iliyokataa rangi: uchambuzi wa kisa

Kipande chenyewe ni fremu ya plastiki inayozunguka geji, redio na vishikio vya hita katika sedani iliyotoka kiwandani katikati ya miaka ya 1970. Urefu wake ni karibu sentimita 90. Sehemu ya juu ina chapa ya ngozi, yaani vijikunjo vinavyoiga ngozi, ya chini ni laini, na kati ya hizo mbili unapita mstari mwembamba wa fedha. Chini ya vishikio vya hita kuna alama nyeupe zilizozama ndani ya plastiki. Pamoja na fremu uliletwa mfuniko wa chini ya usukani, ambao kwa macho ni wa plastiki ileile na rangi ileile.

Fremu ilikuwa imeshapakwa rangi upya mara moja kabla haijanifikia. Aliyeipaka alitumia makopo ya kupuliza: praima (rangi ya msingi) nene, kisha rangi nyeusi ya kung'aa. Haikumaliza msimu mmoja wa joto. Mwenye gari alikuwa na ombi moja: "Fundi, toa hiyo, piga nyingine iliyo bora."

Ombi hilo linaeleweka, lakini limebeba dhana ileile iliyoiharibu kazi ya kwanza, kwamba tatizo ni rangi. Nilipoilaza fremu mezani na kuimulika kwa taa ya pembeni, niliona kuwa imeharibika kwa namna tofauti mahali tofauti. Rangi iliyobanduka ni ushahidi, na ukiifuta yote kwa pamoja bila kuisoma, umetupa ushahidi huo. Ndiyo sababu nusu ya maelezo haya yanahusu mambo yaliyofanyika kabla tone lolote la rangi mpya halijapulizwa.

Rangi ya zamani ilivyosomwa

Upande wa abiria rangi ilikuwa na vishimo vidogo vya mviringo, kila kimoja na ukingo ulioinuka, na katikati praima ikichungulia. Hiyo ni kazi ya silikoni. Vimiminika vingi vya kung'arisha dashibodi, vile vya kupuliza na kufuta, vina mafuta ya silikoni, na ndiyo yanayoipa plastiki ule mng'ao wa upya. Mvutano wake wa uso ni mdogo mno, kwa hiyo rangi mbichi ikitua juu yake hujivuta pembeni na kuacha kishimo. Gari la umri huu limefutwa kwa vitu hivyo mara zisizohesabika. Na msasa hauiondoi silikoni. Anayeanza na msasa anaisukuma ndani ya mikwaruzo, halafu kila kitambaa anachopitisha kinaieneza hadi mahali palipokuwa safi.

Ukingo wa juu ulikuwa na ugonjwa mwingine: ulinata. Ukibonyeza kucha, alama inabaki. Ukingo huo ndio unaogusana na pedi ya juu ya dashibodi, ambayo ni povu la poliurethani lililovikwa plastiki ya PVC. Kwa asili PVC ni ngumu. Ulaini wake unatokana na vilainishi vinavyochanganywa ndani yake kiwandani, na vilainishi hivyo havitulii. Vingine hupaa kwa joto na kutua kwenye kioo cha mbele, ndio ule utando wa mafuta unaosumbua kuufuta. Vingine huhamia kwenye kitu chochote kinachogusana na PVC kwa muda mrefu. Rangi ya ukingo ule ilikuwa imevinywa na kubaki laini. Hata rangi ya bei ya juu kuliko zote ingeishia hivyohivyo, maana chanzo kiko kwenye pedi.

Mfuniko wa chini ya usukani haukuwa na vishimo wala haukunata. Wenyewe ulikuwa unaachia rangi kwa mabapa mapana, na upande wa nyuma wa kila bapa ulikuwa msafi kabisa, bila hata chembe ya plastiki. Rangi inayobanduka hivyo haikuwahi kushika. Hapo nikaanza kushuku kwamba mfuniko na fremu si plastiki moja.

Nyuma hapakuwa na alama ya kusaidia. Alama za >ABS< au >PP< tunazozikuta nyuma ya vipande vya magari ya karibuni zilikuja kuwa kawaida baadaye, na katika gari la miaka ya 1970 si za kutegemea. Umri wa gari nao haukuwa na la kusema, kwa kuwa ABS na polipropilini (ndiyo PP), zote aina za plastiki, ziliingia sokoni katika miaka ya 1950. Kilichobaki ni kupima. Nilikata kijisehemu chembamba nyuma ya kila kipande na kuvitumbukiza kwenye maji yenye tone la sabuni, ili viputo vya hewa visidanganye. Cha mfuniko kilielea, cha fremu kikazama. Polipropilini ina uzito wa karibu gramu 0.9 kwa sentimita moja ya ujazo, ndiyo maana inaelea. ABS ina karibu gramu 1.05, inazama. Kisha pamba yenye asetoni ikagusishwa nyuma ya fremu, mahali pasipoonekana, na baada ya sekunde chache plastiki ikalainika na kunata. Asetoni huyeyusha ABS, lakini polipropilini haijali. Wapo wanaopima kwa kuchoma kipande na kunusa moshi. Siipendekezi njia hiyo hata kidogo: PVC ikiungua hutoa mvuke wa asidi ya hidrokloriki, na huwezi kujua kwamba ni PVC mpaka umeshauvuta.

Ufa kwenye tundu la skrubu

Jambo lililonishughulisha zaidi ni ufa wa kama sentimita 4 ulioanzia kwenye tundu la skrubu la mwisho kushoto. Maelezo ya haraka ni kwamba plastiki imezeeka. Ni kweli imezeeka: sehemu ya butadini, ambayo ndiyo inayoipa ABS ustahimilivu wa kugongwa, hushambuliwa na mwanga wa jua na oksijeni, na kwa miaka mingi plastiki inakuwa kavu na ya kukatika. Lakini uzee hauelezi kwa nini ufa ulitokea pale tu, wakati katikati ya fremu, panapopigwa na jua zaidi, ni pazima.

Tundu lenyewe lilitoa jibu. Matundu ya pembeni yalitengenezwa yakiwa marefu kidogo, ya umbo la yai, na mtu fulani alikuwa ameweka skrubu nene za kujikatia njia, bila washa, akazikaza hadi mwisho. Fikiria joto. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, wakishirikiana na wenzao wa California, walipima magari yaliyoegeshwa juani siku za kiangazi, na baada ya saa moja dashibodi zilikuwa na wastani wa karibu nyuzi 69 za Selsiasi. Chukua asubuhi ya nyuzi 19 na mchana wa nyuzi 69, tofauti ya nyuzi 50. Fremu ya ABS ya sentimita 90 hurefuka hapo kwa karibu milimita 3.6, na chuma kilicho nyuma yake kwa karibu nusu milimita. Hizo milimita tatu lazima ziende mahali. Umbo la yai la matundu liliwekwa ili ziteleze. Skrubu iliyokazwa kwa nguvu inazizuia, na kila siku ya jua plastiki inasukumwa na kuvutwa pale pale kwenye tundu mpaka inapasuka. Ufa kama huo ukizibwa tu na kupakwa rangi utarudi, na utaipasua rangi mpya pamoja nao.

Kutoa na kusafisha

Kununua fremu nyingine iliyotumika tulikufikiria na kukuacha. Ingekuwa na umri uleule na ukavu uleule, na historia ya mafuta yaliyopakwa juu yake isingejulikana.

Dawa za kawaida za kuchubua rangi ya bodi hazifai kwa ABS. Nyingi zinaiyeyusha plastiki pamoja na rangi. Nilitumia alkoholi ya isopropili, baada ya kuijaribu nyuma ya kipande kwanza. Vitambaa vililoweshwa, vikalazwa juu ya rangi, vikafunikwa kwa karatasi ya nailoni ili visikauke, na rangi ya akriliki ya kopo ikalainika kiasi cha kutoka kwa kijiti cha plastiki na mswaki. Ni kazi ya polepole. Faida yake ni kwamba chapa ya ngozi iliyo chini inabaki salama, kitu ambacho msasa usingekubali.

Mstari wa fedha ulihitaji uamuzi wake. Mistari ya namna hii kwenye magari ya kipindi kile mara nyingi ni ya aina mbili. Ya kwanza ni kromu ya umeme, ambapo ABS huchovywa kwenye asidi ya kromiki inayokula butadini na kuacha vitundu vidogo, kisha hufuata shaba, nikeli na kromu. Tabaka hilo ni nene kiasi na ukiligusa lina ubaridi wa chuma. Ya pili ni alumini iliyovukizwa ndani ya chemba isiyo na hewa. Tabaka lake halifiki hata mikroni moja, limelindwa na vanishi tu. Wetu ulikuwa wa aina ya pili. Aina hiyo haing'arishwi kwa polishi, kwa sababu polishi inaifuta, wala haisafishwi kwa sabuni kali yenye magadi, kwa sababu magadi yanayeyusha alumini. Rangi ya zamani ilipotoka, iliondoka na vipande vya vanishi na fedha iliyo chini yake. Karibu theluthi mbili ya mstari ilibaki nzima, lakini mstari wenye mabaka hauna maana. Wapo wataalamu wenye chemba wanaoweza kuvukiza alumini upya, na kwa gari la maonyesho ningesisitiza iende huko. Mwenye gari hili analiendesha kila wiki, akakubali wino wa fedha unaoakisi, ule unaouzwa kwenye kalamu za rangi.

Usafi ulifuata mpangilio ambao siuvunji. Kwanza maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, kwa brashi laini inayoingia ndani ya chapa. Pili dawa ya kuondoa nta na silikoni, kwa vitambaa viwili: kimoja kibichi kinalegeza mafuta, kingine kikavu kinayaondoa kabla hayajakauka, na uso wa kitambaa unageuzwa kila mara. Baada ya hapo ndipo plastiki inakwaruzwa, na baada ya kukwaruzwa usafi unarudiwa. Kipimo changu cha mwisho ni maji. Maji safi yakimwagwa juu ya kipande yatandae bila kukatika. Yakijikusanya kuwa matone, au yakikimbia sehemu fulani, mafuta bado yapo. Upande wa abiria ulirudishwa kwenye kitambaa tena na tena kabla maji hayajakubali kutulia.

Ukarabati na chapa iliyopotea

Mwishoni mwa ufa nilitoboa tundu dogo la milimita 2, ili nguvu zinazokusanyika kwenye ncha zisambae na ufa usiendelee. Ufa wenyewe uliunganishwa kwa ABS yenyewe: vipande vidogo vimeyeyushwa kwenye asetoni hadi kuwa kitu kizito kama uji. Huku si kupaka gundi juu ya plastiki. Asetoni inalainisha kingo za ufa, na zikikauka zinakuwa kitu kimoja na kilichojazwa. Kasoro yake ni kwamba uji huo unasinyaa kadiri asetoni inavyopaa, hivyo hupakwa kwa tabaka nyembamba na kuachwa kwa siku kadhaa kabla ya msasa. Anayeharakisha hapa ataona mfereji ukijichora chini ya rangi wiki chache baadaye. Upande wa nyuma niliweka kipande cha wavu mwembamba wa nyuzi za kioo ndani ya ujiuji huohuo.

Kuna eneo la ukubwa wa kiganja, juu ya redio, ambapo aliyetangulia aliisaga chapa ya ngozi kwa msasa hadi ikawa laini. Hii ndiyo hasara isiyorudishika katika kazi za dashibodi, na ndiyo inayonifanya niwasihi watu wasianze na msasa. Chapa ile ilitoka kwenye moldi (kalibu) ya chuma kiwandani. Unaweza kuichukua nakala kwa mpira wa silikoni kutoka sehemu nzima na kuigandamiza kwenye puti laini, lakini kwenye eneo lililopinda mipaka huonekana. Nilichagua njia ya unyenyekevu zaidi: praima ya plastiki iliyopulizwa kwa presha ndogo na kutoka mbali, ili itue kwa vitone na si kwa utando, kisha ikafifishwa pembeni. Matokeo si ngozi. Ukikaa kwenye kiti cha dereva huoni tofauti. Ukiinama na kumulika kwa pembeni unaiona. Mwenye gari alionyeshwa kabla ya hatua iliyofuata na akaridhika.

Sehemu nyingine yenye chapa haikuguswa na msasa kabisa. Pedi laini ya kijivu ya kusugulia inatosha kuondoa mng'ao na kuipa rangi pa kushika. Msasa namba 400, kisha 800, ulitumika kwenye ukanda laini wa chini na juu ya ufa tu.

Rangi yenyewe

Wengi husema dashibodi za zamani ni nyeusi. Nilipofungua bamba la redio, plastiki iliyokaa kivulini tangu kiwandani ilionyesha rangi halisi: kijivu cha mkaa chenye uhudhurungi kidogo. Rangi ilichanganywa kufuata hapo. Muhimu kuliko rangi ni kiasi cha mng'ao. Watengenezaji waliifanya sehemu hii ififie makusudi, kwa sababu dashibodi inayong'aa hujiakisi kwenye kioo cha mbele na kumpunguzia dereva uwezo wa kuona barabara jua likiwa mbele. Rangi ya kwanza ilivunja sharti hilo, na hata kama ingeshika vizuri bado ningeshauri itolewe.

Rangi yenye hadena, yaani dawa ya kuigandisha inayochanganywa ndani yake, ni ngumu zaidi, lakini ina isosianeti, kemikali ambayo mvuke wake unaweza kumpa mpulizaji pumu ya kudumu. Inahitaji maski inayoletewa hewa safi kwa bomba. Fremu ya ndani ya gari haipigwi na mawe wala petroli. Rangi ya plastiki isiyo na hadena, inayonyumbuka kidogo, inaitosha, na siku ikikwaruzika inarekebishika. Nayo inapulizwa ukiwa na maski ya mkaa, mahali penye hewa.

Tabaka la kwanza lilikuwa la ukungu tu. ABS ya zamani ina mikazo iliyobaki ndani tangu ilipomiminwa kwenye moldi, na thina nyingi kwa mara moja inaweza kuzaa vijiufa vyembamba kama nywele. Baada ya hapo zilifuata tabaka nyembamba, umbali wa sentimita 20 hadi 25, kila moja ikiachwa dakika kumi au kumi na tano. Hewa iwe kavu: thina inayopaa haraka hupoza uso, na unyevu wa hewa ukigeuka maji juu yake rangi inageuka kuwa na weupe. Rangi ya kufifia pia inasema ukweli kuhusu mkono wa mpulizaji, maana palipolowa zaidi patang'aa zaidi. Kwa hiyo tabaka la mwisho lilipigwa kwa mwendo mmoja, kutoka ncha hadi ncha, bila kurudi nyuma kurekebisha.

Alama za hita zilijazwa rangi nyeupe ya maji, na ya ziada ikafutwa kwa kitambaa kilicholoa kidogo huku nyeupe ikibaki ndani ya mashimo yake. Mstari wa fedha ulikuja mwisho kabisa. Njia yake ilizibwa pembeni kwa utepe wa karatasi, ikapakwa nyeusi ya kung'aa, ikakauka vizuri, ndipo wino ukapita juu yake. Wino huu unahitaji uso laini unaong'aa chini yake ili uakisi, na hautaki klia (vanishi angavu) juu yake; klia inaugeuza kijivu. Gharama yake ni kwamba utafutika ukisuguliwa, na mwenye gari ameambiwa aufute vumbi kwa brashi laini pekee.

Kurudisha kwenye gari

Rangi ilikauka kuguswa ndani ya saa moja, lakini fremu iliachwa siku kadhaa kabla ya kufungwa. Matundu yalisafishwa hadi yakarudi kwenye umbo la yai. Skrubu nene zilitupwa, zikawekwa nyembamba zenye washa za plastiki, na kukazwa kwa bisibisi ya mkono hadi zishike tu, fremu ikiweza kuteleza kidogo ukiisukuma. Kati ya ukingo wa juu na pedi ya PVC ulipita utepe mwembamba wa kitambaa kizito, ili vitu hivyo viwili visigusane tena. Ukionekana kulowa mafuta ubadilishwe. Ni rahisi kuutoa kuliko kuipaka fremu upya.

Mfuniko wa polipropilini haukupakwa. Rangi ingeweza kushikishwa kwa praima maalumu ya plastiki za aina hiyo, na mwenye gari alikuwa tayari kuilipia. Lakini magoti ya dereva yanausugua kila anapoingia na kutoka, na plastiki yenyewe ina rangi nyeusi hadi ndani. Ulioshwa, ukasuguliwa kwa pedi ya kijivu hadi mabaki ya rangi ya zamani yakaisha, ukarudishwa ulivyo. Mahali unapokaa ni kivulini chini ya usukani, na kijivu cha fremu na weusi wake haviko karibu kiasi cha kushindana.